Wajina

Ruta ya Leonids ilikata roho Ijumaa jioni,
bila kelele, taa moja baada ya nyingine,
kama jengo ambalo watu wake wanakwenda kulala.
Zinaida akanigongea, koti juu ya nguo za usiku:
"Raivis, wewe unayeunda vichwa vya treni,
kisanduku hiki kitakushinda?"

Kesho yake nikamnunulia mpya karibu na stesheni,
nyeupe, antena nne hewani
kama buibui aliyelala chali.
Nikapanda nayo hadi ghorofa ya nne.
Daugavpils, Februari:
vioo vya ngazi vimeota barafu kwa ndani.

Nikachomeka waya. Taa ikawaka rangi ya chungwa,
ikabaki chungwa.

Kampuni huijua nyumba hii kwa anwani moja tu,
tarakimu na herufi kumi na mbili
ambazo kifaa cha kwanza kilitoka nazo kiwandani.
Abishaye kwa jina jingine hafunguliwi.
Ofisi ni mpaka Jumatatu. Na hiyo Jumatatu
watataka saini ya mwenye mkataba,
na mwenye mkataba
tangu Oktoba yuko chini ya misonobari.

Nayo Jumapili, saa moja usiku,
binti yao hupiga simu ya video kutoka Cork.
Mjukuu ana jino jipya.

Basi nikaipindua ile ya zamani.
Stika tumboni imeliwa na joto la miaka tisa:
*moja*, kisha doa, kisha *C nne, saba E,
sifuri B, hamsini na mbili, D tisa.*
Lile doa ni tatu, au nane?
Zinaida akaleta miwani ya marehemu,
ina nguvu kuliko yake.
Akaisogeza stika, akaiondoa, akaisogeza.
"Tatu," akasema.

Nikaandika tatu. Ruta ikakataa kwa wino mwekundu.

Hapo nikakumbuka: tarakimu ya pili sharti iwe shufwa.
Witiri ni ya mwito wa wengi kwa pamoja,
si jina la kifaa kimoja kikaacho kwake.
Nikamweleza. Akanitazama juu ya miwani isiyo yake.
"Yaani akaaye peke yake
ndiye anayehesabiwa shufwa?"
Nikasema ndivyo walivyoafikiana mafundi.
Akacheka kidogo, kwa pua,
akaenda kuangalia birika lisilochemka.

Nane. Hifadhi. Zima.
Nikahesabu hadi thelathini, ingawa kumi zingetosha.
Washa.

Kijani.

Kule kwenye kampuni hakuna aliyeshtuka.
Mashine ilisikia jina ikalifungulia, basi.
Na hiki cheupe hakikugeuka kitu kingine:
jina la kuzaliwa bado limechapwa mgongoni,
ila mlangoni kinajitaja kwa jina la wajina wake,
kama mtoto aitwaye babu
kabla hajajua babu ni nini.

Nikamwonya: "Ile ya kale usiichomeke tena.
Majina mawili sawa kwenye waya mmoja
hugombana, na wote wawili hupotea."
"Haitaamka," akasema,
huku akiiviringisha ndani ya taulo la kuogea
kwa uangalifu ambao sikutaka kuuangalia sana.

Akanipa chupa ya matango ya siki. Nilikataa mara mbili,
ya tatu nikapokea.

Nilipoinama kukusanya vifaa vyangu
nikaona amekwisha kubandika plasta ya vidonda
ubavuni mwa ruta mpya
na kuandika zote kumi na mbili kwa kalamu.
Ile nane ameikoleza, raundi juu ya raundi,
hadi karatasi ikakaribia kutoboka.

Jumapili nilikuwa kwangu, ghorofa ya tatu.
Saa moja kasoro dakika mbili
kiti kiliburutwa juu ya dari yangu.
Halafu cha pili.